Je, Strangers in the Night ni wimbo wa Sinatra au wa Mjerumani wa kwenye santuri ya baba?

*"Shikamoo mwalimu. Baba yangu alifariki mwaka jana, akatuachia santuri kama arobaini na chombo cha kuzipigia. Mojawapo inaitwa A Swingin' Safari, ya mtu anayeitwa Bert Kaempfert. Marehemu alizoea kutuambia kwamba huyo ndiye aliyetunga Strangers in the Night, wimbo alioupenda kuliko zote. Sasa wenzangu katika bendi yetu ya hotelini hapa Tanga wananicheka. Wanasema wimbo ni wa Frank Sinatra, na huyo Kaempfert alikuwa kiongozi tu wa bendi ya Kijerumani aliyechukua nyimbo za Waafrika akatajirika nazo. Mmoja ameongeza kwamba ndiye aliyewafundisha kazi Beatles. Nani mkweli? Na nikitaka kuurekodi Strangers in the Night kwa maneno ya Kiswahili, kwa kumkumbuka baba, inatosha kuandika chini kwamba ni wimbo wa Sinatra?"*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona chini ya maswali yako yote kuna moja linalokuuma: je, baba alikuwa anasema kweli? Alikuwa anasema kweli. Muziki wa Strangers in the Night umetungwa na Bert Kaempfert, na ukikutana na wenzako leo jioni waambie hivyo bila kusitasita. Ila wenzako nao hawakutunga uongo mtupu, kwa hiyo nivumilie tuyapitie yote.

Kinachowachanganya watu wengi, hata wanamuziki, ni neno "wimbo wa". Kwetu tunasema wimbo wa fulani tukimaanisha yule ambaye sauti yake tunaisikia. Lakini wimbo mmoja uliorekodiwa huwa umepita mikononi mwa watu wanne au watano. Yupo aliyebuni sauti yenyewe, yaani ile njia ya kupanda na kushuka unayoweza kuipiga mluzi bila maneno. Yupo aliyeandika maneno. Yupo aliyepanga ala, akaamua vinanda vya nyuzi viingie wapi na tarumbeta zinyamaze wapi. Yupo prodyuza, anayesimamia kurekodi. Mwisho kabisa ndipo anakuja mwimbaji. Hapa mtunzi wa sauti ni Kaempfert, maneno yaliandikwa na Wamarekani wawili, Charles Singleton na Eddie Snyder, ala zikapangwa na Ernie Freeman, na Sinatra akaimba Aprili 1966. Julai mwaka huo wimbo ulishika nafasi ya kwanza Marekani, na mwaka uliofuata ukashinda tuzo ya Grammy ya rekodi ya mwaka.

Sauti hiyo haikuanza kama wimbo. Ilikuwa kipande cha muziki wa filamu, A Man Could Get Killed ya mwaka 1966, na Kaempfert alikuwa amekiita Beddy Bye. Maneno yalikuja baadaye. Kwa Kaempfert huu ulikuwa mtindo wa kawaida, na ndiyo sababu jina lake halisikiki sana: alitunga kwanza kwa ajili ya ala, halafu mtu mwingine, mara nyingi ng'ambo ya bahari, akaweka maneno, na mwimbaji maarufu akaondoka na sifa. Moon Over Naples ilikuwa muziki mtupu wa mwaka 1965. Ikavikwa maneno ikawa Spanish Eyes, na Al Martino akapata umaarufu nayo. Danke Schoen, iliyomtambulisha Wayne Newton mwaka 1963, nayo ilianzia kwenye ala. L-O-V-E ya Nat King Cole ni sauti ya Kaempfert, maneno yakiwa ya Milt Gabler. Ninyi mnaopiga hotelini bila shaka mnazipiga angalau mbili kati ya hizi kila wiki, mkiamini ni za watu wanne tofauti.

Sasa huyu mtu alikuwa nani? Alizaliwa Hamburg, mtaa wa Barmbek, tarehe 16 Oktoba 1923, nyumba ya watu wa kawaida. Akiwa na miaka sita aligongwa na gari. Mama yake alipolipwa fidia ya ajali ile akanunua piano. Kila ninapowasimulia wanafunzi wangu kisa hiki nawaomba wamfikirie yule mama, kwa sababu fedha zile zingeweza kwenda kwenye mambo mia moja yenye haraka zaidi. Mtoto akasoma muziki mjini Hamburg, akajua piano, klarineti, saksafoni na akodioni, na bado kijana mdogo akaajiriwa katika bendi ya Hans Busch kule Danzig, mji ambao leo ni Gdańsk wa Poland. Vita vikaja, akachukuliwa jeshi la majini kama mwanamuziki, na vilipokwisha akajikuta mfungwa wa vita Denmark. Humo kambini akaunda bendi. Aliporudi aliwapigia wanajeshi wa Kimarekani waliokuwa Ujerumani, na nadhani hapo ndipo sikio lake lilipozoea swing, ile jazi ya kuchezea ya Wamarekani, huku mkono ukibaki na unadhifu wa Kijerumani.

Miaka ya 1950 alikuwa mtu wa nyuma ya pazia: anapanga ala, anawarekodia wengine katika kampuni ya Polydor. Ivo Robić alipoimba Morgen mwaka 1959, okestra iliyo nyuma yake ni ya Kaempfert. Kisha akarekodi Wunderland bei Nacht, yenye tarumbeta ya Charly Tabor inayolia taratibu kama mtu anayetembea peke yake mjini usiku. Nyumbani haikupokelewa kwa shangwe. Akaipeleka New York kwa Milt Gabler wa kampuni ya Decca, ndiye yule yule aliyemrekodi Billie Holiday akiimba Strange Fruit, na Gabler akaitoa kwa jina la Wonderland by Night. Januari 1961 ikawa namba moja Marekani. Okestra ya Kijerumani, muziki bila neno hata moja, juu ya waimbaji wote wa nchi ile.

Wajerumani wana desturi ya kugawa muziki mafungu mawili: muziki mzito, wa kumbi ambako watu wanakaa kimya, na muziki wa burudani. Kaempfert alikuwa wa fungu la pili, ule ambao wengine huuita muziki mwepesi. Tafadhali usiruhusu neno "mwepesi" likudanganye. Muziki huu ni mwepesi kwa msikilizaji tu. Kwa anayeutengeneza ni kazi ya fundi wa saa. Chukua santuri ya baba, weka sindano mwanzo, na safari hii usifuate tarumbeta. Fuata besi. Utasikia kitu kinachogonga, "tak, tak", kavu na chenye mwisho, si ule mvumo laini wa besi uliouzoea. Wajerumani waliupa jina: Knack-Bass, besi inayolia kama kijiti kikivunjwa. Aliyekuwa akiipiga ni Ladi Geisler, mzaliwa wa Prague. Alilipiga gitaa la besi la umeme kwa kipande kigumu cha kucharazia badala ya vidole, na akazizima nyuzi ili noti isivume ndefu. Noti ikikatwa mapema hivyo, masikio yanabaki na lile pigo la mwanzo tu, na mguu unaanza kutikisika wenyewe. Juu yake Kaempfert anaweka vinanda vya nyuzi vinavyotambaa polepole, kwaya isiyo na maneno, na tarumbeta moja. Chini kuna mwendo, juu kuna utulivu. Mtu aliyechoka anaweza kuusikiliza akiwa amekaa, na mwenye nguvu anaweza kuucheza. Mwambie mpiga besi wenu ajaribu kuzima nyuzi zake mnapopiga Spanish Eyes, uone wageni watakavyoanza kutingisha vichwa.

Nafika kwenye lile la kuchukua nyimbo za Waafrika, na hapa sitaki kukupunguzia uzito wa jambo. A Swingin' Safari ilitoka mwaka 1962. Zile filimbi unazozisikia kwenye wimbo wenye jina la santuri zinaiga kwela, muziki wa vijana wa mitaa ya Afrika Kusini waliopuliza filimbi za bati za bei rahisi. Kwela ilikuwa imeshafika Ulaya. Mwaka 1958 Tom Hark ya Elias and His Zig-Zag Jive Flutes ilipendwa mno Uingereza. Kaempfert alisikia, akapenda, akatunga vyake kwa harufu ile: A Swingin' Safari yenyewe na Afrikaan Beat ni utunzi wake. Kutunga kwa mtindo ulioupenda si wizi. Wazee wetu wa muziki wa dansi walisikiliza santuri za Kyuba, wakajenga rumba yao juu yake, na hakuna anayewaita wezi.

Lakini geuza jalada usome majina ya nyimbo nyingine. Skokiaan ni ya August Musarurwa, mpiga saksafoni wa Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, aliyeirekodi mwishoni mwa miaka ya 1940, na jina la wimbo huo ni la pombe haramu ya kienyeji. That Happy Feeling ni ya Guy Warren, mpiga ngoma wa Ghana aliyezaliwa Accra mwaka ule ule wa 1923 aliozaliwa Kaempfert. Na Wimoweh ni Mbube ya Solomon Linda, Mzulu aliyeirekodi Johannesburg mwaka 1939. Waimbaji wa Marekani hawakulisikia vizuri neno lake "uyimbube", wakaimba "wimoweh", na kosa hilo ndilo lililozunguka dunia. Linda alifariki maskini mwaka 1962, mwaka ule ule santuri ya baba yako ilipotoka. Wimbo wake uliingiza fedha nyingi kwa watu wengine, na familia yake ilifikia makubaliano ya kulipwa mwaka 2006 tu, baada ya kesi.

Je, hilo ni la kumlaumu Kaempfert? Kwa maoni yangu, aliyemdhulumu Linda ni mfumo wa mikataba uliomnunua wimbo wake kwa bei ya chakula na kuandika majina ya wengine mahali pake. Kaempfert aliukuta wimbo ukiwa tayari mikononi mwa hao. Alikuwa mpigaji wa mwisho kwenye foleni, hakuwa aliyebomoa mlango. Hata hivyo siwezi kusema haimhusu kabisa. Santuri iliuzwa kwa picha ya Afrika na kwa neno letu wenyewe, safari, ambalo Wazungu walilichukua kwenye Kiswahili wakalifanya la kwao, na fedha nyingi za mauzo yale hazikuwafikia Waafrika waliotunga. Wenzako wana haki ya kukasirika. Ninachowaomba ni wawataje Musarurwa, Warren na Linda kwa majina. Hasira isiyojua jina la aliyedhulumiwa haimsaidii.

Kuna dai lingine ambalo huenda utalikuta ukiendelea kuuliza: kwamba hata Strangers in the Night yenyewe aliiiba. Walijitokeza zaidi ya mmoja kudai hivyo. Mtunzi wa Kifaransa, Michel Philippe-Gérard, alikwenda mahakamani Paris akisema sauti imetoka kwenye kazi yake ya zamani zaidi, na malipo ya wimbo yakazuiwa wakati kesi ikiendelea. Mwaka 1971 mahakama ilikataa dai la wizi, ikieleza kwamba nyimbo nyingi za aina ile hujengwa kwa vipande vinavyofanana. Ukipiga ala utaelewa. Mstari wa kwanza wa wimbo ule ni hatua fupi fupi, na mwendo ule ule wa silabi unarudiwa kila mstari. Sauti rahisi kama hiyo lazima itapata ndugu mahali fulani. Cha kusema wazi ni Wooden Heart ya Elvis Presley, ambayo jina la Kaempfert limo miongoni mwa waandishi wake: ile haikuwa sauti mpya. Ni wimbo wa kienyeji wa Kijerumani, Muss i denn, uliochapishwa tangu mwaka 1827.

Kuhusu Beatles, ile bendi maarufu ya Uingereza, hakuwafundisha kazi. Vijana wale walijifunza kazi kwa kupiga usiku kucha katika vilabu vya Hamburg. Alichofanya Kaempfert ni kuwarekodi. Juni 1961 alihitaji bendi ya kumsindikiza mwimbaji Tony Sheridan, akawachukua wao, Pete Best akiwa kwenye ngoma, wakarekodi My Bonnie na nyimbo nyingine chache. Akawafunga kwa mkataba. Mwaka 1962 meneja wao mpya, Brian Epstein, alipomwomba awaachie, aliwaachia. Huwa nasikia watu wakimcheka kwa hilo, kwamba alishika almasi akaiacha. Mimi nalihesabu katika wema wake. Alijua sikio lake ni la aina gani, na hakung'ang'ania vijana ambao hakuwa na la kuwafanyia.

Jambo moja la mwisho juu ya maisha yake, kwa sababu linawagusa ninyi wa jukwaani. Mtu huyu, aliyeuza santuri dunia nzima, hakuwa akizunguka na okestra yake mbele ya watu. Maisha yake yalikuwa studio. Ni Aprili 1974 tu, akiwa na miaka hamsini, aliposimama na okestra yake katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Alifariki Mallorca, Hispania, tarehe 21 Juni 1980, kabla hajafikisha miaka hamsini na saba. Barmbek alikozaliwa sasa kuna uwanja unaoitwa Bert-Kaempfert-Platz.

Tuje kwenye kurekodi, na hapa nakuomba unisikilize kama mzazi. Kuandika chini "ni wimbo wa Sinatra" hakutoshi, na ni kosa, maana Sinatra hakuandika hata noti moja. Na hata ukiandika majina sahihi, kutaja si ruhusa. Kwa sheria ya Tanzania, na ya Kenya pia, haki za mtunzi zinaendelea miaka 50 baada ya kifo chake. Ujerumani ni miaka 70. Wimbo ukiwa na watunzi kadhaa, hesabu inaanzia kwa aliyefariki mwisho, na Eddie Snyder alifariki mwaka 2011. Kwa hiyo wimbo huu una mwenyewe, na utaendelea kuwa na mwenyewe miaka mingi baada ya mimi kuondoka.

Kuupiga hotelini, mbele ya wageni, ni jambo jepesi zaidi: kibali cha muziki kwa kawaida ni wajibu wa mwenye ukumbi, nanyi muulizeni meneja wenu kama kipo. Kuurekodi kwa Kiingereza kama ulivyo ni haki nyingine. Na kubadilisha maneno kuwa ya Kiswahili ni ya tatu, iliyo ngumu kuliko zote, kwa sababu tafsiri inahesabiwa kuwa kazi mpya iliyojengwa juu ya kazi ya mtu, na ni kampuni inayoshikilia haki za wimbo ndiyo yenye kukubali au kukataa. Inaweza kukataa bila kukupa sababu, au ikakubali kwa sharti kwamba maneno yako mapya nayo yawe mali yake. Nimeona bendi moja ikilipia studio, ikachapisha jalada, kisha ikaambiwa ishushe wimbo mtandaoni, na aliyepokea fedha za "kibali" hakupatikana tena. Kwa hiyo usimlipe dalali yeyote. Kabla hujaingia studio, nenda mwenyewe ofisi ya COSOTA, inayoshughulikia hakimiliki hapa Tanzania, na jina la wimbo na majina matatu ya waandishi yakiwa kwenye karatasi, waulize ni nani wa kuandikiwa. Ikija barua yenye masharti, usiitie saini kabla haijasomwa na wakili anayejua hakimiliki, hata kama Kiingereza chako ni kizuri.

Ukiniuliza mimi ningefanya nini, ningeipiga bila maneno. Ruhusa ya kurekodi muziki kama ulivyo hupatikana kwa njia fupi kuliko ya tafsiri, na ndivyo sauti ile ilivyozaliwa: bila maneno. Tarumbeta kama mnayo, la sivyo saksafoni, besi iliyozimwa, na muipige taratibu kuliko Sinatra. Maneno ya Kiswahili ya kumkumbuka mzee yaandike kwenye sauti yako mwenyewe. Hiyo hakuna atakayekudai.

Na santuri zenyewe, usizisugue kwa spiriti. Za enzi ya Kaempfert zitavumilia, lakini kati ya zile arobaini huenda zimo za zamani zaidi, nzito na zenye kuvunjika kama sahani ya udongo, na hizo spiriti huziyeyusha kabisa. Tumia kitambaa laini kikavu, uzisimamishe wima mbali na jua. Sindano ya chombo kama ni ile ile aliyoiacha baba, itafutie fundi aione kwa macho yake kabla hujapiga tena. Sindano iliyochakaa inaichimba santuri kila inapozunguka. Akishaibadilisha, anza na upande wa pili wa A Swingin' Safari. Wimbo wa mwisho ni Skokiaan, na tarumbeta hapo zinacheka kweli.